Walinihamishia Karibu na Hospitali

Nikianza kwa upole nitakuwa nadanganya. Nina hasira, na nina hasira hata sasa ambapo saratani imetulia, nywele zimeota upya, na daktari ameniambia nirudi kuangaliwa tu, si kutibiwa. Watu wananiambia nimshukuru Mungu nisahau mengine. Mungu nimemshukuru, tena kwa magoti. Kusahau ndiko kumenishinda. Nawaandikia wanawake wanaokaa kwenye benchi za kliniki ya saratani wakiwa wamekumbatia bahasha za picha za eksirei, hasa wale ambao ndugu zao wamekuwa wema ghafla.

Kwetu ni Subukia. Ukitoka Nakuru unapanda Bahati mpaka ukingoni, kisha barabara inateremka bondeni kwa kona kali, na kwenye kona ya juu kabisa wageni husimamisha magari wakapiga picha. Nimewaona tangu utotoni. Wanashuka, wanashika viuno, wanasema ni kuzuri ajabu, wanaondoka. Shamba letu liko ng'ambo ya pili, chini ya mlima, mahali ambapo kwenye picha zao ni kijani tu. Marehemu Baba alilipata wakati shamba kubwa la mzungu lilipogawanywa. Alipanda kahawa na mahindi, akafuga ng'ombe, na alipofariki tukamzika juu kidogo ya kahawa.

Mimi ni Nyambura. Nilirudi kwa wazazi ndoa yangu iliponishinda, nikiwa na mtoto mmoja mgongoni, Dennis, ambaye sasa ni mwanamume mzima na anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Kaka yangu Kariuki amejenga papo hapo shambani, anaishi na mkewe, Mama Brian, na watoto wao. Mimi nilikaa na Mama kwenye nyumba ya zamani. Miaka yote hiyo aliyeamka kukamua ni mimi, na aliyepeleka maziwa barabarani ni mimi. Nataka hilo lieleweke mapema.

Ng'ombe ndiye aliyenionyesha ugonjwa. Alinipiga teke kifuani siku moja ya kiangazi, nikapasugua pale palipouma, na vidole vikakuta kitu kigumu ndani ya titi. Nikasema ni hilo teke. Sasa sikia mambo ya mfugaji: nilichukua mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka ng'ombe chuchu zikipasuka, nikawa najipaka asubuhi na jioni, nikikanda kama vile mtu anavyokanda kiwele kilichovimba. Nilikanda mpaka mvua ikakaribia. Ng'ombe angekuwa amepona. Mimi nilipelekwa Nakuru, nikachomwa sindano ya kutoa kipande, na majibu yakatoka siku ambayo bonde lote lilikuwa likipanda mahindi.

Nitafanyiwa kemo kwanza, zile dawa kali za mishipani, madaktari wakasema, halafu operesheni, halafu mionzi. Nilirudi nyumbani nikawaeleza tukiwa jikoni kwa Mama. Mama Brian alilia. Kariuki alitoka nje akasimama karibu na boma la ng'ombe kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na mpango tayari.

"Nyambura, hii barabara itakumaliza," alisema. "Kupanda na kushuka huu mlima na hizo madawa mwilini? Hapana. Nimefikiria. Nitakutafutia nyumba huko Nakuru, karibu na hospitali. Rent ni juu yangu. Wewe kazi yako ni kupona."

Nililia kwa furaha. Naandika hivyo huku nikiuma meno. Nilimshika mkono kaka yangu, nikamwambia Baba angekuwa hai angejivunia. Wiki hiyo hiyo godoro langu, jiko la gesi na masufuria vilikuwa kwenye pikapu, na mimi nikahamia chumba kimoja kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya reli.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa Mama Achieng', ambaye baba yake alitoka magharibi zamani kuja kufanya kazi ya reli, na yeye akazaliwa na kuzeekea hapo hapo Nakuru. Alikuwa akikaanga samaki mlangoni na kuuza. Baada ya kemo ya kwanza harufu ile ilinitoa nje nikatapika kwenye mtaro mbele ya wateja wake. Niliona aibu. Siku iliyofuata nikaona amebeba jiko lake, karai lake na meza yake, amevihamishia kule mwisho wa ploti karibu na vyoo, na kila wiki ya dawa alikuwa akihamia huko bila mtu kumwomba. Wateja walipomuuliza aliwaambia anapenda upepo wa huko. Nimekaa na watu wa damu yangu maisha yote na sijui kama kuna aliyewahi kunihamishia jiko.

Benchi ya kliniki ina adabu zake. Humuulizi mtu anaumwa nini, unamuuliza yuko dozi ya ngapi. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Rongai, koo limemkaba mpaka amebaki kunong'ona, ambaye alikuwa akinishikia nafasi kwa kofia yake. "Keti, mama," ananiambia kwa kile kisauti, "kofia imegombana na watu hapa tangu asubuhi." Tulikuwa tukicheka sana sisi watu wa benchi ile, mkitaka kujua. Tulicheka kuliko waliotusindikiza. Halafu jina linaitwa, unaingia, unakaa kwenye kiti, na ile dawa nyekundu kama soda inaanza kupanda mkononi, ukitoka hapo hata mkojo ni mwekundu.

Nywele zilibaki kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma, na maziwa, mimi mtu wa maziwa, yakawa yananuka kama bati lililoota kutu. Nilikuwa nikiota ugali wa nyumbani na mboga za Mama, lakini zaidi niliota ule ukimya wa asubuhi kule bondeni, kabla mtu hajawasha redio.

Kwa hiyo nilipopata nguvu kati ya dozi, nilikuwa nakwenda nyumbani. Mara ya kwanza ilikuwa mvua ndefu imeshika. Mahindi yalinifikia magotini, mlima umeoshwa, vijito vinaonekana mpaka juu kabisa kama nyuzi nyeupe. Nilisimama shambani na kilemba changu nikahisi mwili wangu unakumbuka kitu. Kariuki akanikuta hapo.

"Ah, Nyambura. Umekuja kutembea?"

Kutembea. Kwetu neno hilo huambiwa mgeni. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Mama Brian akanipikia chai kwa kikombe cha wageni, kile chenye kisahani, na ilipofika saa tisa Kariuki alikuwa tayari ameita pikipiki ya kunipeleka stejini kwenye matatu, ati mvua isinikute. Nikasema nitalala kwa Mama. "Hapana, hapana," akasema, "dawa zako ziko Nakuru." Dawa zangu zilikuwa kwenye mkoba wangu. Mama alikuwa ameketi anachambua maharagwe, hakuinua uso.

Nilijilaumu mimi. Nilijiambia wananiogopea. Mgonjwa hutafuta kila sababu ya kuwatetea watu wake, kwa sababu akiwakosa hao atabaki na nani?

Kisha ukaja ule msimu wa baridi, Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani asubuhi ukakaa bondeni mpaka mchana. Nilikuwa nimebakisha dozi chache. Nilikwenda nyumbani Jumamosi, na safari hii nilikataa katakata kurudi, nikalala kwa Mama, chini ya mablanketi yangu ya zamani. Jumapili wakati wengine wametoka kanisani nikaanza kutetemeka. Meno yaligongana. Mwili ulikuwa moto, mpaka Mama aliponigusa akaondoa mkono.

Wauguzi walikuwa wamenikariria jambo hilo mpaka nikaliota: ukipata joto ukiwa kwenye kemo usingoje kesho, usinywe panadol ukalala, njoo hospitali moja kwa moja, kwa sababu damu yako haina askari. Kariuki alilijua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, tena mara nyingi. Na kweli hakungoja. Alikimbia kwa jirani, akarudi na gari, akanibeba yeye mwenyewe mikononi kama mtoto. Nakumbuka nikimwambia "asante, kaka" kwenye shingo yake.

Tulipanda mlima ndani ya ukungu, taa zimewashwa mchana. Tukashuka Bahati. Tukaingia Nakuru. Nilikuwa nimeegemea dirishani, nikaona geti la hospitali linakuja, nikaona linapita. Nikadhani anatafuta mahali pa kugeuzia. Hakugeuza. Alikwenda mpaka kwenye ploti, akanibeba tena, akanilaza kitandani, akanifunika vizuri. Akaweka chupa ya maji karibu na kichwa changu.

"Pumzika," akasema. "Ukiona imezidi, uite huyo jirani yako akupeleke. Mimi lazima nirudishe gari ya watu."

Akafunga mlango polepole, kama unavyofunga mlango wa mtoto aliyelala.

Nilikuwa na homa lakini akili ilikuwa na mimi. Niliuliza dari: kama shida ilikuwa daktari, mbona tumempita? Kama shida ilikuwa kitanda, si nilikuwa na kitanda kwa Mama? Kile alichokimbilia kaka yangu mchana ule kilikuwa kunitoa Subukia tu. Mama Achieng' alinikuta nikigonga ukuta kwa kijiko, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Aliacha samaki kwenye mafuta wakaungua. "Mama Dennis, ngoja, ngoja, niko hapa," alikuwa akisema, na alinishikilia kwenye pikipiki kutoka nyuma mpaka mapokezi, akigombana na kila mtu aliyetuambia tungoje.

Nililazwa. Daktari aliyenipokea alisema ningechelewa mpaka asubuhi angekuwa anazungumza na jamaa zangu, si na mimi. Dennis alikuja kutoka Naivasha akakaa nami, ikabidi arudi kazini. Halafu Mama akaja, peke yake, na chupa ya uji. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alinimiminia, akangoja nimeze kidogo, ndipo akasema bila kunitazama.

"Kariuki alisema ukifia pale nyumbani, watu watasema uzikwe pale."

"Na kuna ubaya gani?"

"Ukizikwa pale, Dennis atakuwa na mahali pa kuonyesha. Atasema mama yangu amelala hapa, na mimi ni wa hapa. Hiyo kaburi hakuna mtu ataing'oa."

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe, basi niwaeleze. Kwetu kaburi si la kulilia tu. Ni kama bikoni, lile jiwe la mpaka, ni ushahidi usiohitaji wakili. Shamba lenye kaburi lako ni lako na la wanao. Binti aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, lakini binti aliyerudi nyumbani ni tatizo, kwa sababu hajulikani atawekwa wapi, na wenye shamba huanza kumpigia hesabu akiwa bado anapumua. Mama akaniambia Kariuki alikuwa amekwisha hata kuulizia utaratibu wa makaburi ya mjini. Wakati mimi naombea nywele zangu, yeye anaulizia makaburi.

"Na wewe, Mama," nikamuuliza, "ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

Nilimwambia achukue chupa yake aende. Nilimfukuza mama yangu mzazi, mwanamke mzee, ambaye alikuwa amepanda magari mawili kuniletea uji. Alisimama, akafunga kifuniko vizuri, akaenda. Wagonjwa wenzangu wodini walinitazama vibaya na sikujali. Mpaka leo sijaona kwamba nilikosea.

Nitasema ukweli kuhusu hasira, kwa sababu huwa tunadanganywa. Kwenye vikundi vya wagonjwa tunaambiwa tuwe na amani ya moyo ndipo tupone. Hasira haiponyi saratani, na amani pia haiponyi. Nimezika marafiki waliokuwa na amani kuliko kanisa. Yule mzee wa kofia wa Rongai alikuwa mtu wa amani. Lakini hasira ilinifanya nile. Nilikula ugali wenye ladha ya chuma. Nilikunywa maziwa yanayonuka bati, nimeziba pua, nikimtaja Kariuki kila funda. Nilipomaliza kemo walinikata titi la kushoto na tezi za kwapani, na mkono ukavimba ukawa mzito. Muuguzi akanionya: usibebe ndoo, usikamue. Miaka yote mikono hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikawa nafanya mazoezi ya kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo, huku Mama Achieng' akinipigia makofi kwa mwiko.

Wakati wa kuvuna mahindi, kabla sijaanza mionzi, nilimwambia anisindikize mpaka ukingoni, kwenye ile kona ya wageni. Sikutaka kushuka bondeni. Nilitaka kuona tu. Hewa ilikuwa safi baada ya mvua fupi, bonde lote limegeuka rangi ya biskuti, vibunda vya mahindi vimesimamishwa mashambani, na mlima nyuma yake mweusi kwa msitu. Niliona bati la nyumba ya Mama likimeta. Mama Achieng', ambaye alikuwa hajawahi kufika, alisogea mpaka ukingoni kabisa akashika kiuno kama wageni.

"Kumbe hapa ndio kwenu," akasema. "Sasa naelewa kwa nini huyo kijana amekuwa mwizi."

Pembeni yetu kulikuwa na vijana wa Nairobi na gari lao. Mmoja alinijia na simu. "Mathe, niaje, unaweza tupiga picha? Hakikisha hiyo valley yote imeingia." Nikaishika simu kwa mkono wangu wa kulia, nikawapiga. Walinishukuru, wakaniuliza kama na mimi nimekuja kutembea.

Nilisema ndiyo. Nilipofika chumbani nililia mpaka koo likakauka, na nilipomaliza nilijua jibu hilo sitalitoa tena.

Mionzi iliniunguza ngozi ikawa nyeusi kama mkate uliosahaulika. Ilikwisha kiangazi kimerudi. Daktari aliangalia picha, akaangalia damu, akaniambia maneno niliyokuwa nimeyangoja mwaka mzima. Sikumpigia Kariuki. Nilimpigia Dennis, kisha nikamwita mtu wa pikapu. Mama Achieng' alinisaidia kufunga godoro, akapanda mbele na dereva bila kualikwa.

Tulifika Subukia watu wakiwa wanamaliza chakula cha mchana. Vumbi lilitutangulia. Mama alitoka jikoni, akaliona godoro, akaanza kulishusha mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Hatukuwa tumesemezana sawasawa tangu wodini. Kariuki akaja akipangusa mikono, Mama Brian nyuma yake.

"Nyambura! Tumefurahi. Tumesikia umepona." Aliangalia pikapu. "Lakini sasa hii nini? Rent ya Nakuru nimelipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Imeisha, Kariuki. Nimerudi."

"Hatujakataa. Lakini si huu ugonjwa unaweza rudi? Na uko mbali na hospitali. Tunakufikiria wewe tu."

"Siku ile ya homa ulinifikiria ukapita geti la hospitali."

Mama Brian akaanza kusema kitu juu ya chai, Mama Achieng' akamwambia chai ingoje. Kariuki ni kaka yangu, alinifundisha kuendesha baiskeli, na nilimwona uso ukimshuka. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, na hilo moja nampa, kwamba hakudanganya tena.

"Niliogopa kaburi," akasema. "Nina vijana watatu, Nyambura. Hii shamba ni kidogo. Ukiwekwa hapa, hapo pamekwenda. Niliogopa kaburi yako, hiyo tu."

"Kwa hiyo mtu aliyekufa anapata kipande, na mtu aliye hai anapata chai kwa kisahani."

Alitazama upande wa kahawa, alikozikwa Baba.

"Sikia basi. Kaburi limekosekana. Niko hapa, nina mkono mmoja mzima na mtoto anayefanya kazi. Nitajenga. Sasa ogopa nyumba."

Kariuki alimgeukia Mama, kama alivyomgeukia siku zote, akingoja anyamaze. Mama aliweka chini pembe ya godoro aliyokuwa ameishika. Aliingia stoo, tukamsikia akisukuma madebe huku na huku, na akatoka na ile kamba ndefu ya kupimia mistari ya kahawa.

"Shika huku," akamwambia Kariuki, akimnyooshea ncha moja.